Chupa ya brandi ya baba imefunguliwa leo

Leo baba yangu amedanganya mbele ya wakwe, na wakwe wakamsaidia.

Wageni walitoka Ganze kuja kwetu Matsangoni kumposa binti yangu. Baba akasema siku imefika. Akateremsha ile brandi juu ya kabati.

Mnaoijua nyumba yetu mnaijua hiyo chupa. Mgeni mmoja alimzawadia baba miaka ya themanini, baba alipokuwa mhudumu wa baa kwenye hoteli moja Malindi. Kila Krismasi tulihubiriwa: brandi huzeekea ndani ya pipa la mbao, humo ndimo inamopata rangi na harufu. Ikishatiwa chupani haizeeki tena, inasubiri tu siku yake.

Na kuigusa, marufuku.

Sasa, kwetu anayetoa kinywaji ndiye huonja kwanza, watu waone hakina uchawi.

Baba akaonja. Akafumba macho.

"Pipa," akasema.

Akampa mkwe, babu wa kijana anayeposa. Mzee wa watu akaonja, akamtazama baba kitambo.

"Pipa kabisa."

Ikanifikia mimi.

Jamani, ilikuwa chai ya rangi! Hata sukari haina.

Nikameza. Wewe ungefanyaje, umwaibishe mzee wako mbele ya wakwe?

Posa ikakubaliwa, wageni wakaondoka. Nikamfuata jikoni nimewaka.

"Baba, brandi iko wapi?"

Alikuwa anasuuza chupa. Hata hakugeuka.

"Niliinywa siku uliyozaliwa."