Mkwe Niliyepewa Kanisani

Shida yote ililetwa na neno moja la mke wangu, na alilisema kwa heshima, si kwa ubaya.

Wakati ule wa taabu za Uganda watu walikuwa wakivuka mpaka kila siku. Jumapili moja mzee wa kanisa akasimama mbele na mama mmoja wa makamo, amevaa busuti iliyopauka, lile gauni refu la kwao, mkononi kikapu. Alikuwa amepotezana na mwanawe njiani. Lakini kijana alikuwa amemwambia mapema: tukiachana, nenda Nairobi, ulizia kanisa letu katika mtaa huu, ukae hapo hapo mpaka nikukute. Kwa hiyo mama hakutaka kupelekwa mahali pengine, hata pawe pazuri namna gani. Alitaka pa kulala karibu na lile kanisa, basi.

Mzee akauliza nani atampokea. Mikono ikapanda kama ya watoto walioulizwa nani anataka peremende. Wangu pia. Akaandika nyumba sita kwenye karatasi, kila nyumba wiki mbili, na kwa sababu nilikuwa benchi la mbele, tukawa wa kwanza. Nilikaa mbele kwa ajili ya masikio. Kazi yangu ni kuchonga vinyago, na ukigonga tezo tangu ujana masikio yanachoka. Watu walidhani ni utakatifu.

Nyumba yetu ilikuwa ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, chumba kimoja, pazia katikati. Tulipanga mgeni alale kitandani na mke wangu, mimi nilale chini upande wa watoto. Hapo hakuna neno. Halafu mke wangu akamtengea maji ya kuoga, akainama kidogo, akasema, "Karibu, mama."

Sasa, kanisani kila mwanamke ni mama, hilo najua. Lakini huyu aliitwa vile mke wangu anavyomwita mama aliyemzaa. Na mgeni akalia, akamkumbatia, akamwita binti yangu. Mimi nikiwa mlangoni na kofia mkononi nikajua nimekwisha.

Kwetu Ukambani mama mkwe hatazamwi usoni wala hapewi mkono. Mkikutana njiani, wewe unaingia majani. Kulala naye chumba kimoja, ukuta wenyewe pazia, ni aibu ambayo hata ukiokoka haitoki. Nilimvuta mke wangu kando pale bombani nikamsihi amwite shangazi, au hata nyanya, maana nyanya ni mtu wa kutaniwa. Akasema mtu ameshalililia lile neno, hawezi kumnyang'anya.

"Wewe una kibanda cha kazi," akaniambia. "Yeye ana nini?"

Basi nikahamia kibandani, kule upande wa viwanda, nikalala juu ya magunia katikati ya twiga na ndovu ambao hawajapigwa msasa. Vumbi la mbao liliingia mpaka kwenye uji. Jioni nilipita nyumbani, nikapewa sahani mlangoni, nikala nimekaa kwenye ngazi kama mdai. Mgeni akisikia sauti yangu alikuwa anakimbilia nyuma ya pazia. Kumbe kwao pia mkwe ni hivyo hivyo, tena yeye aliishika desturi kuliko mimi. Tulisalimiana kupitia kitambaa. Mwanzoni alikuwa akishtuka nikisema Kiswahili, kwa sababu kwao alikuwa amekisikia midomoni mwa askari. Nikajifunza kusema polepole.

Wiki mbili zikaisha, nikaanza kuzizungukia nyumba nyingine zimpokee kwa zamu. Nyumba ya pili ilikuwa ya karani wa kanjo, mtu wa vyumba viwili na taa ya stima. Akanipa chai, akaniambia wageni wa nyumbani kwao wamefika. Sikuona hata kiatu cha mgeni. Ya tatu walisema mtoto ana surua. Ya nne hawakufungua, na redio naisikia. Ya tano na ya sita nakiri sikwenda, niliona haya kwa niaba yao.

Wiki ya saba nikamwendea mzee wa kanisa. Akanishika bega, akasema wananiombea.

"Mzee, nimechoka kuombewa," nikamwambia. "Nataka mtu wa kubeba godoro."

Akafikiri, akasema Ijumaa kuna lori la kwenda kwenye kituo cha wakimbizi, mbali, lakini watamtunza. Nami, Mungu anisamehe, nikasema sawa. Nilikuwa nautaka mgongo wangu kitandani. Nikaenda mwenyewe nikamwambia mama, nimesimama upande wangu wa pazia.

"Nitaenda, mkwe wangu," akasema. "Mwanangu akija, wewe ndiye utamwambia nilipo?"

Nilijiona nikimweleza yule kijana. Ningeanzia wapi? Nikarudi kwa mzee, nikamwambia lori liende bila yeye, na sikuaga. Nikaendelea kulala na ndovu.

Kijana alikuja wiki ya kumi, Jumapili, katikati ya matangazo, amekonda, shati si lake. Mama alipiga kelele moja tu. Kanisa zima likaimba. Mzee akatoa ushuhuda jinsi kanisa letu lilivyompokea mgeni nyumba kwa nyumba. Nyumba kwa nyumba! Nikainuka niseme, mke wangu akanivuta koti nikakaa.

Nje mama akazunguka akimpa kila mtu mkono, hata wale wa redio. Alipofika kwangu akainamisha macho, akakusanya nguo yake, akapita mbali, kama inavyotakiwa. Kijana akamwuliza kitu kwa lugha yao, labda ni nani aliyemweka. Sijui mama alijibu nini, wala alionyesha upande gani. Kijana akaenda moja kwa moja kwa karani, mwenye suti, akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akainama, hamwachi. Na karani akapokea. Mama yuko pale pale kando ya mwanawe, kwa hiyo mimi siwezi kusogea.