Maoni ya Watu Juu ya Binti Asiyesalimu

Vijana wa kanisa letu pale Endagikot tulipoambiwa tuandae igizo, niliandika mimi, mhitimu wa darasa la saba. Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga, na kichwani mwangu nilishakuwa mwandishi mkubwa. Ila sikubuni sana. Niliandika ugomvi wa nyumbani kwetu: nilimwambia mama nataka kwenda Katesh kujifunza cherehani, naye akaninyamazia siku tatu nzima.

Mama hakujua. Alikuja amevaa kitenge chake cha sikukuu, akakaa benchi la mbele kabisa. Mimi nyuma ya pazia, namchungulia. Akijitambua akaona nimemwaibisha mbele ya watu, nitarudi nyumbani na uso gani?

Niliigiza binti. Nikaingia kwa hasira, nikabwaga ndoo chini. "Mama, mimi naondoka!"

Mzee mmoja akapaza sauti kutoka katikati ya watu: "We binti, hujasalimu!"

Ukumbi mzima ukamuunga mkono. Basi mdomo ukanitangulia. "Shikamoo mama," nikamwambia rafiki yangu aliyeigiza mama, ambaye nimemzidi miaka miwili. "Marahaba," akaitika bila aibu. Nikamgeukia na yule mzee. "Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Haya, sasa gombaneni."

Watu wakacheka, na hasira yangu nikaitafuta nisiione. Tulimaliza hivyo hivyo.

Kisha watu wakaombwa watoe maoni. Mwalimu mmoja, aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, alisema igizo ni zuri ila halina funzo, binti angepaswa kupiga magoti aombe radhi. Jirani yetu akadakia: "Na ni mama gani wa hapa anayenyamaza? Mimi wangu akinijibu vile, kelele zangu watazisikia Basotu!"

Wakati watu bado wanacheka, mama akasimama. Nikashika pazia.

"Yule mama hakunyamaza kwa hasira," alisema, akimtazama jirani, siyo mimi. "Alijua akifungua mdomo atalia. Hapo ndipo mlipokosea, wanangu. Mengine yote ni kweli."

Akakaa, akatengeneza kitenge chake. Siku zile tatu mimi nilidhani ni ukali tu. Nikashusha pumzi ndefu, nikajisikia mwepesi kama nimetua mzigo wa kuni.

Tukirudi nyumbani wawili tu, nikajipa moyo. "Mama, tukilirudia Jumapili ijayo, yule mama aseme nini?"

Akapandisha kitenge chake kisiburuze vumbi.

"Aseme, nenda. Ila tuvune maharage kwanza."

"Na alie?"

"Kwani Katesh ni Ulaya?" Akanisukuma bega, akicheka. "Atalia mwenyewe baadaye, jikoni. Hilo usiliandike."