Ini la Bunju

Mvua za mwisho wa mwaka wa sitini na moja zilipofurisha mito ya bara, Wekesa alifurahi. Alikuwa kibarua wa reli, amepanga chumba Bondeni kwa Bi Mwanatumu, na tangu afike Mombasa bahari ilikuwa imemshinda. Ilikuwa pana mno, tena angavu mno. Yeye alikulia kando ya mto Nzoia, na samaki aliowajua ni wa maji ya tope.

Sasa tope lilimfuata mpaka mjini. Hori la Tudor, ule mkono wa bahari ubavuni mwa mji, liligeuka rangi ya udongo, na wavuvi wa mshipi wa mtaa wa Mzizima wakakaa juu ya miamba yao, kila mtu na pake, wakirudi mikono mitupu. Wekesa alikata mwanzi, akafunga uzi mfupi, akachimbua nyungunyungu nyuma ya choo cha Bi Mwanatumu. Hakukaa mahali pamoja. Alitupa mara mbili tatu nyuma ya jiwe, pale mkondo ulipotulia, kisha akasonga mbele, maji magotini, mpaka akakaribia Makupa.

Siku ya kwanza walimcheka. Siku ya pili alipita na hongwe wanne, kambare wa baharini, wamening'inia kijitini, vicheko vikakoma.

Mwamba mkubwa kuliko yote ulikuwa wa Abdulhalim, fundi viatu, mtu wa maneno mengi. Jumamosi moja Wekesa alisimama chini ya mwamba huo, akaomba radhi, akatupa ndoana. Akavuta hongwe mnene kutoka chini ya miguu ya Abdulhalim.

"Fundi," mmoja akasema, "mtu wa bara amekuvulia chakula chako sahanini."

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Abdulhalim naye akacheka, lakini kidogo tu.

Wekesa akatupa tena. Safari hii alitoka samaki asiyemjua: kichwa kipana, meno kama ya sungura, na alipowekwa juu ya jiwe akavimba, akavimba, akawa kama mpira. Pwani nzima yamjua bunju na sumu yake. Wekesa hakuwahi kumwona.

"Mzee Abdulhalim, huyu analiwa?"

"Yualiwa sana," akasema Abdulhalim. "Huko kuvimba ni mafuta. Usitupe ini. Mpe mkeo alikaange kwa nazi."

Athmani, shemeji wa fundi, alikuwa ameketi ubavuni pake. Alifunua kinywa, akamtazama Abdulhalim, akakifunga. Wekesa akashukuru, akaenda zake.

Mkewe, Rispah, hakuwa ametimiza mwezi mjini. Alipika kama alivyoambiwa. Sehemu kubwa ya ini aliila yeye, kwa kuwa Wekesa alimsogezea.

Ganzi ilianzia midomoni. Rispah alicheka, akasema nazi ya pwani inawasha. Kisha akashindwa kushika kikombe. Wekesa akataka kuinuka amwite Bi Mwanatumu, miguu ikakataa, akaanguka kando ya jiko. Ulimi nao ukafa. Macho hayakufumba, masikio hayakuziba. Rispah alikuwa amelala karibu naye, nywele zake zikimgusa shavu, na Wekesa akasikia pumzi zake zikipungua, moja, kimya, moja tena, mpaka pakawa kimya tu. Hakuweza hata kulitaja jina lake.

Jirani wakajaa chumbani. Mtu akasema wote wawili wamekwisha. Na hapo, katikati ya vilio, Wekesa akaisikia sauti ya Abdulhalim: "Nilimwambia amtupe. Watu wa bara hawasikii."

Bi Mwanatumu alipoinama kumfunika uso, aliona chozi likimtoka jichoni. "Huyu yu hai!" akapiga ukelele. "Leteni gari!"

Alikaa hospitali hadi ulimi ukarudi. Reli ilikuwa imekatwa na mafuriko, maiti haikuweza kusafirishwa kwao, na Rispah akazikwa kisiwani na watu wa kanisani ambao hawakuwahi kuzungumza naye. Wekesa alionyeshwa kaburi baadaye, lundo la udongo uliokwisha kubomolewa na mvua.

Alikwenda polisi. Abdulhalim akaapa kwamba alimkanya. Athmani akaulizwa, akasema upepo ulikuwa mkali, hakusikia kitu.

Baadaye Athmani alikuja Bondeni kwa siri na kikapu cha halua. "Nilisikia kila neno," akamwambia Wekesa mlangoni. "Lakini dada yangu ni mke wa Abdulhalim. Mumewe akifungwa, watoto watakula nini?"

"Twende polisi sasa hivi ukayaseme hayo."

Athmani akainama, akaweka kikapu chini, akaondoka. Bi Mwanatumu aliwamwagia mbuzi halua yote.

Reli ilipotengenezwa, Wekesa alipanda treni na sanduku la mkewe, akampelekea mama mkwe wake, Eddah. Mama huyo alilifungua, akazitoa nguo moja moja, akazirudisha.

"Alikula nini mwanangu?"

"Samaki, mama."

"Nani alimvua?"

Wekesa alikuwa na mengi ya kusema: mwamba, Abdulhalim, Athmani, upepo uliosingiziwa. Alizitazama zile nguo sandukuni.

"Mimi," akasema.

Eddah akafunga sanduku. Hakumkaribisha kuketi. Alimwambia gari la mwisho la kurudi stesheni lilikuwa karibu kupita, na Wekesa akatoka kulingojea barabarani, mvua ikinyesha.