Mashavu ya Mama Mdogo Kabula na dokta wa koti la bucha

Wakuu, shikamooni mnaostahili, na wengine mambo vipi.

Humu jukwaani kuna uzi wa vidonge vya kunenepesha. Wadada wanaulizana vinapatikana wapi kama wanaulizana nyanya. Nimesoma nikacheka, halafu nikaacha kucheka, maana sisi watu wa Mwanza haya tuliyaona nusu yenu hamjazaliwa.

Naleta kisa cha nyumbani kwetu. Chumvi sijaweka. Mahali nitakaposhindwa kujizuia nitawaambia.

Ilikuwa miaka ya tisini, nipo form two, naishi kwa Bibi, Mkuyuni. Nitasimulia kwa domo lile lile nililokuwa nalo enzi hizo, kwa sababu hilo domo lilitaka kuua mtu kisha likamponya. Walimu walilichapa sana. Halikusikia.

Kwanza mjue hali ilivyokuwa. Biashara zilikuwa zimeachiwa, kila mtu anauza kila kitu. Mitumba ikajaa, redio kaseti zikajaa, na dawa nazo zikajaa. Zamani dawa uliifuata hospitali, unapanga foleni, ukifika dirishani unaambiwa zimekwisha. Ghafla zikawa zinauzwa sokoni, meza moja na dagaa. Nyingine zilivuka ziwa na boti za samaki. Nyingine hata muuzaji hakujua zimetoka wapi, na wala hakuona aibu kusema hajui.

Hakuna aliyezijua kwa jina. Tulizijua kwa rangi na kwa kazi.

Kulikuwa na ile ya rangi mbili. Hiyo ilitibu kila kitu: kikohozi, tumbo, jino. Ukijikata unaifungua, unamwaga unga kwenye kidonda, unaenda zako kucheza mpira.

Kulikuwa na ya kukesha. Wavuvi waliipenda.

Kulikuwa na ya kulala. Hiyo waliinunua wale waliokunywa ya kukesha.

Na kulikuwa na ya mashavu.

Mwenye nayo alikuwa jamaa mmoja pale Kirumba, karibu na mwalo wa samaki. Sisi tulimwita Dokta Brifkesi. Mguu wa suruali mmoja mrefu kuliko mwenzake, mkononi brifkesi nyeusi, na juu kavaa koti jeupe la mtumba. Koti hilo mfukoni lilikuwa limetariziwa kichwa cha ng'ombe. Lilikuwa koti la muuza nyama wa huko Ulaya, wakuu. Lakini watu waliona weupe tu, wakaamkia.

Sasa mama mdogo Kabula. Huyu ni kitinda mimba wa Bibi, mdogo wake mama yangu. Mrembo, ila mwembamba. Nilikuwa namwambia asisimame karibu na fimbo za kuchungia, mjomba Masalu asije akambeba kimakosa akaenda naye machungani. Ananirushia kandambili. Mimi nakwepa, namrudishia, ananirushia tena. Ndiyo mapenzi yetu yalivyokuwa.

Kabula alikuwa na mchumba, Lukas, kijana mpole anayefanya kazi kiwanda cha kukata minofu ya sangara. Kwao ni upande wa Busisi, ng'ambo, watu wa ng'ombe.

Na hapa ndipo nawaomba mnielewe. Miaka ile, kwetu, wembamba ulikuwa na maana nyingine. Mtu akikonda hakuna anayemuuliza anakula nini. Wananyamaza akipita, wanaongea akishapita. Tulikuwa tumeshazika majirani wengi, na kila mtu amekuwa daktari wa kutazama mifupa ya mwenzake.

Mama mkwe mtarajiwa alimwona Kabula mara moja tu kanisani. Akamuuliza Lukas, "Huyu binti mbona hana nyama? Mzima kweli?"

Swali hilo likavuka maji na feri, likafika hadi jikoni kwa Bibi. Kabula alikuwa mwembamba tangu anatambaa. Lakini utamwonyesha nani cheti cha kutambaa?

Asubuhi yake Bibi akamwambia Kabula avae vizuri, wanakwenda Kirumba kununua samaki.

Nikawafuata kwa nyuma. Sikuwa na nia njema, nilitafuta cha kuwatania nacho tu.

Dokta Brifkesi akauliza, "Nani mgonjwa?"

Bibi akasema, "Hakuna mgonjwa."

"Safi sana. Wagonjwa wananisumbua."

Akafungua brifkesi, akatoa kopo, akapima vidonge vidogo vyeupe kwa kizibo cha soda, akavifunga kwenye kipande cha gazeti. "Asubuhi na jioni, pamoja na uji. Mpaka kioo cha nyumbani kimuulize: wewe ni nani?"

Samaki hawakununuliwa.

Wakuu, mashavu yalikuja. Uso wa Kabula ulifura kama chapati inayopuliziwa kwa chini. Majirani wakawa wanampongeza Bibi, "Binti ananawiri!" Bibi anajibu, "Ni maziwa ya mgando." Mgando gani? Nyumba ile maziwa tuliyaona kwenye matangazo.

Mimi nilimpa jina, Mama Pampu. Kila asubuhi, "Shikamoo Mama Pampu, leo wamejaza upepo upande gani?" Nilichoona, na wengine hawakutaka kuona, ni kwamba miguu ilibaki ile ile. Kiazi kikubwa juu ya njiti mbili. Nilimwambia hivyo, akacheka, kandambili ikanipata ya sikio.

Wageni wakaja kutoka Busisi. Mama mkwe, mwanamke mnene mwenye mashavu ya kwake mwenyewe, akamtazama Kabula akiinama kunawisha watu mikono. Akamshika mkono, akaubinya kidogo kama anayechagua parachichi, akatabasamu. Mazungumzo yakaenda, ng'ombe wakakubaliwa. Idadi sitaji, maana mjomba Masalu hadi leo anaona tulipunjwa.

Wageni walipoondoka Bibi akasema, "Kazi imekwisha." Vidonge vilivyobaki akavitupa chooni. Kabula akaacha siku hiyo hiyo, kama mtu anayezima taa.

Hapo ndipo tulipoharibu.

Haikupita wiki, Kabula akaanza kulalamika kizunguzungu. Kisha kutapika. Kisha akawa hawezi kutoka kitandani bila kushikwa. Siku moja akaanguka pale bombani na ndoo yake. Mimi nikakimbilia, na domo langu likakimbia mbele yangu: "Mama Pampu kapata pancha!"

Hakuna aliyecheka. Kabula akanitazama, midomo imekauka, akasema taratibu, "Bundala, leo usinitanie."

Hajawahi kuniambia hivyo maisha yake yote. Nikaiacha ndoo pale pale, nikamshika mkono.

Kikao cha ukoo kikakaa. Mjomba Masalu, kaka yao mkubwa, mtu wa kusema kidogo na kukohoa sana, akatangaza kwamba binti amefanyiwa mambo na mwanamke aliyemtaka Lukas. Kuna mtaalamu ng'ambo, huko huko kupita Busisi. Pikapu imeshatafutwa. Kesho asubuhi wanashuka Kigongo kuwahi feri.

Mama Halima, jirani yetu, nesi wa zahanati, alikuwa amekuja kumwona mgonjwa. Akasema, "Huko mtafika na maiti. Mtu hadondoki hivi bure. Amekunywa nini?"

Bibi akajibu, "Chai."

Nikasema, "Amekunywa ya mashavu! Ya Dokta Brifkesi!"

Bibi akanigeukia na jicho moja, mnalijua. "Vidonge gani wewe mtoto?" Namtazama Kabula, naye kitandani anatikisa kichwa: usiseme. Walikuwa wanaogopa kitu kimoja. Busisi wakisikia mashavu yalinunuliwa, ng'ombe watarudi, na lile swali la "mzima kweli?" litarudi pamoja nao.

Mjomba Masalu akakohoa. "Huyu ndiye aliyeniambia wageni wamefika, nikavaa koti la sufu kwenye jua, nikakuta mbuzi wa jirani."

Ni kweli. Nilifanya hivyo. Na walikuwa mbuzi watatu wenye heshima zao.

Nikaapa. Nikalia kabisa. Mjomba akasema, "Sasa hata kulia amejifunza."

Wakuu, nawaambia, hakuna upweke kama wa mchekeshaji mwenye habari ya kweli. Nikatoka nje, nikakaa juu ya jiwe, nikawaza. Ukweli wangu hawautaki. Basi niwaletee aliye tayari kuusema mwenyewe, tena kwa majigambo.

Kesho yake mapema nilikuwa Kirumba kabla boti hazijamaliza kushusha. Nikamwendea Dokta Brifkesi, nikamwamkia vizuri.

"Dokta, Bibi kanituma. Mashangazi wa bwana harusi wamemwona bi harusi wetu, wamechanganyikiwa. Wanataka na wao. Wote. Wapo nyumbani wanakusubiri."

"Wangapi?"

"Sebule haitoshi, wengine wamekaa uani."

Alifunga brifkesi kwa kasi hadi akabana ncha ya koti ndani. Tukaenda hivyo, anatembea ameinama upande.

Tunafika, pikapu imeshawashwa. Mjomba anakunja jamvi la kumlazia mgonjwa. Mama Halima amesimama mbele ya mlango, anagombana na ukoo mzima peke yake.

Jamaa akaingia kama askofu. "Shikamoo Bibi! Bi harusi wangu yuko wapi?"

Bibi akawa kama kamwagiwa maji.

Jamaa akamwona Kabula amebebwa, uso bado mviringo. Hakuangalia kitu kingine. "Mnaona? Mnaona kazi yangu? Huyu aliletwa kwangu mkavu kama ukuni, muulizeni Bibi hapa! Mashangazi wako wapi?"

Pikapu tu inanguruma.

Mama Halima akasema kwa sauti ndogo, "Ulimpa nini?"

"Ya mashavu."

"Fungua brifkesi."

Kopo lilikuwa bado na nusu ya karatasi yake. Mama Halima akasoma, akaweka mkono kichwani. Akamgeukia Bibi. "Mama, ameacha lini?"

Bibi akakaa chini, pale pale mchangani. Sijawahi kumwona akikaa chini mbele ya mwanamume mgeni. "Siku wageni walipoondoka. Lakini tumeacha, nesi! Tumeshaacha!"

"Ndiyo maana anakufa. Hii haiachwi ghafla. Ng'ambo haendi mtu. Hospitali, sasa hivi."

Mjomba Masalu hakukohoa safari hii. Akambeba mdogo wake, akamweka kwenye pikapu. Kisha akarudi akamkamata Dokta Brifkesi kola. Jamaa akachomoka kama konokono anayeacha nyumba, akakimbia kifua wazi kupitia kwenye mawe hadi leo. Koti likabaki mkononi mwa mjomba, kichwa cha ng'ombe kinatutazama.

Hospitalini daktari alitueleza kwa lugha ya watu. Mwili wa Kabula ulizoea kuletewa kitu kile kutoka nje, ukaacha kutengeneza cha kwake. Sasa cha nje kimekatwa ghafla na cha ndani bado kimelala. Nilielewa upesi sana, kwa sababu hata mimi tangu binamu aje likizo nilikuwa nimeacha kuchota maji.

Akachomwa sindano, akawekewa dripu. Baadaye akapewa vidonge vya aina ile ile, vya kupunguzwa kidogo kidogo.

Mjomba akauliza, "Kwa hiyo dawa ya ile dawa ni ile dawa?"

Daktari akasema ndiyo, ila kwa kipimo chake na kwa uangalizi.

Mjomba akatikisa kichwa. "Ningejua mapema, ningesoma."

Kabula alipoweza kukaa, habari ikaja: Lukas na mama yake wako getini. Bibi akaanza kusali rozari kwa kasi. Kabula akajifunika shuka hadi kidevuni, akaniambia, "Bundala, kaa hapa." Nikakaa, nimeshika chupa ya chai.

Akamweleza Lukas kila kitu mwenyewe, hata lile swali la kanisani lililomuuma. Lukas akawa anatazama viatu vyake. Akasema, "Mimi nilikupenda na mifupa yako, Kabula. Mashavu yalipokuja nilidhani unaumwa meno."

Mama mkwe akamtuma Lukas maji, akamtuma Bibi chumvi. Mimi akanisahau. Wembamba wakati mwingine ni faida.

Akainama kwa Mama Halima, aliyekuwa amekuja kumjulia hali mgonjwa, karibu kabisa.

"Nesi. Kuna jirani yangu kule Busisi. Anavinywa tangu mwaka jana. Koti la ng'ombe, brifkesi. Huyo jirani... aache vipi?"

Mama Halima akamtazama yale mashavu. "Mwambie jirani aje na miguu yake Jumatatu, asiache kabla ya hapo."

Chini ya shuka kitanda kikaanza kutikisika. Nikadhani Kabula amezidiwa. Alikuwa anacheka.

Siku ya harusi wote wawili, bi harusi na mama mkwe, walikuwa wamepungua. Watu wa Busisi wakasema ni uchovu wa maandalizi. Ng'ombe hawakurudi. Koti Bibi aliuvalisha mti kwenye bustani ya mchicha kutisha pimbi wa kwenye mawe. Pimbi walikuja kama kawaida, nadhani walikuwa wanafuata dozi.

Funzo langu, wakuu, ni fupi. Ukiulizwa na nesi umekunywa nini, usijibu "chai". Na kama tayari unavinywa hivyo vya mashavu, usivitupe chooni leo kwa hasira ya uzi huu. Nenda hospitali, sema ukweli, watakushusha taratibu.

Kabula sasa ni bibi wa watu, bado mwembamba, bado ana shabaha. Nimemsomea huu uzi kwa simu kabla ya kuupandisha. Kasema hana neno, ila niwaambie kwamba miguu yake haikuwa njiti.

Ilikuwa njiti, wakuu.

Haya, wa Kirumba na wa ng'ambo mliomfahamu mwenye koti, tiririkeni hapo chini. Na wewe mwenye "jirani", karibu pia, hatutakuuliza ni nani.