Aliyeziba Mlango wa Wando

Usiniambie nilikuwa na homa. Sikuwa na homa, sikuwa nimeonja pombe ya asali, na lilikuwa jua kali la alasiri. Naanza na hayo kwa sababu kila nikisimulia habari hii, wasomi wenzangu hutabasamu tabasamu lile ambalo mimi mwenyewe nililileta kutoka chuo kikuu huko Uganda, pamoja na koti la sufu lisilovalika Tabora.

Ilitokea enzi ya Mwingereza, mtoni karibu na Ipole. Pale pana wando, yaani safu ya miti iliyosimamishwa majini kunasa samaki. Mtu wa pwani atauliza, wando umefikaje bara? Aliujenga mpagazi mmoja wa huko huko pwani, zamani za misafara ya pembe za ndovu. Miguu ilimwoza, wenzake wakamwacha kivukoni na mtama kidogo, wakaendelea na safari. Akasimamisha miti kama walivyofanya kwao, akaacha mlango katikati ili samaki wengine wapite, wawafikie watu wa chini ya mto. Kaburi lake liko ukingoni, karibu na jiwe bapa ambapo wapagazi walikuwa wakiegemeza pembe. Wazungu walikuwa wakija Jumapili kulipiga picha.

Kabla ya kufa alimwachia wando babu yake mjomba wangu kwa sharti moja: mlango usizibwe, maana atakayeuziba atafuatwa. Mjomba alilishika sharti hilo kuliko katekisimu. Kila mwaka alibadilisha miti iliyooza, na nadhani haukubaki hata mmoja wa zamani, lakini mlango ulibaki palepale.

Kiangazi kile nilikwenda kumsalimia, nikakuta Kalisti, mwanawe mkubwa, ameuziba mlango kwa waya wa kufugia kuku na kuukandika wando wote kwa udongo na majani. Chini ya wando palikuwa na tope tupu. Wanawake wa kijiji cha chini walisimama na vikapu vitupu, wakimtukana.

"Kalisti, umefanya nini?"

"Nimetumia akili, Bwana Msomi. Samaki akipita hapo ananiachia nini? Ananiaga?"

Mjomba alifika mbio. "Toa waya huo! Utaniaibisha mbele ya mwenyewe!"

"Mwenyewe alishakufa, baba. Mwache alale."

Ndipo yule mtu aliposhuka kutoka ng'ambo. Kanzu yake ilikuwa imelowa mpaka kifuani, na alikotoka ni kukavu. Miguu yake ilifungwa majani kwa kamba za magome. Alikanyaga lile tope, niamini, na tope halikubonyea. Wanawake wakarudi nyuma. Nikasikia harufu ya chumvi ambayo niliwahi kuisikia Dar es Salaam tu.

"Nani aloniziba mlango wangu?"

Sasa nisikilize vizuri. Kwetu, mgeni akija na malalamiko, anayejibu ni mwenye nyumba. Hata kama mwizi ni mwanawe, baba husema ni mimi, huomba radhi, kisha humshughulikia mtoto ndani mlango ukiwa umefungwa. Hiyo ndiyo adabu. Nilimtazama Kalisti, bado ameshika kipande cha waya kilichobaki. Kalisti alitazama maji.

"Ni mimi, bwana mkubwa," akasema mjomba. "Nisamehe."

"Si yeye!" nilipayuka. Mgeni hakunigeukia. Bila shaka kwao pia, neno la mwenye nyumba halipingwi.

Alimwekea mjomba mkono begani, kama mpagazi anayempokeza mwenzake mzigo. Kisha hakuwepo. Sisemi aliondoka, hakuwepo. Waya ulikuwa umeng'oka, maji yanateremka, na wanawake wanakimbia. Mimi pia nilikimbia, lakini nilirudi, maana mjomba alikuwa bado amesimama pale. Akaniuliza kwa lafudhi ya pwani, yeye ambaye hajawahi kuvuka Tabora:

"Ndugu yangu, msafara umeshika njia gani?"

Mpaka leo anauliza hivyo. Hukaa kando ya barabara, miguu ameifunga majani, na kila lori likipita huinuka. Mataniboi walio juu ya mizigo humcheka. Padri amemwombea, daktari amempima kifua, mganga amekula mbuzi wetu. Mkewe humpelekea chakula na kumwita jina, naye haitiki, humshukuru tu kama mtu anayemshukuru mpita njia.

Na Kalisti? Mzima kabisa. Ana duka la samaki mjini, na Jumapili humletea baba yake tumbaku. Mlango hajaugusa tena. Si mjinga, na hilo ndilo linaloniunguza.

Lakini hasira yangu kubwa ni kwa yule maiti. Wewe uliyetupwa na wenzako, uliyeijua dhuluma kwa miguu yako mwenyewe, ulishindwaje kumtambua aliyekudhulumu? Alikuwa amesimama mbele yako na kipande cha waya mkononi! Wananiambia wafu waheshimiwe. Nimekwenda kaburini kwake, nikamtukana kwa Kiswahili, kwa Kinyamwezi na kwa Kiingereza. Sasa amepumzika; anayengoja msafara ni mwingine.

Kwa hiyo wewe unayenisoma, ukiulizwa kosa ni la nani, na ukaona anayekuuliza hakanyagi kama watu, funga mdomo. Kama ni mzazi, ufunge zaidi. Msukume mwanao mbele, ajibu mwenyewe. Watu watasema huna adabu. Waache waseme. Jioni utarudi nyumbani, na mkeo akikuita, utaitika.