Kwa Nini Maji Yalimpalia Mama

Mara ya kwanza kumwona baba yangu akipika, nilidhani kuna mtu amekufa. Nilikuwa nimetoka Khayega, nilikokuwa na cherehani yangu kwenye veranda ya duka, nikafika kwetu Kabras mchana, jua likiwa kali. Moshi ulikuwa unatoka jikoni. Niliingia nikitarajia kumkuta wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa. Nikamkuta mzee amechuchumaa mbele ya mafiga, machozi ya moshi yakimtiririka, anakoroga uji kwa mwiko wa ugali. Kwetu mwanamume wa umri wake hakuingia jikoni. Hata kaa la kuwashia sigara alikuwa akiitisha aletewe nje.

"Mama yuko wapi?" nikauliza, mkoba ungali begani.

"Yuko nyuma hapo, kwa kivuli." Hakugeuka. "Usiniongeleshe sasa. Hii ikishika chini kidogo tu, anajuanga."

Mama alikuwa amepatwa na kiharusi. Mkono na mguu vilirudi polepole, akawa anatembea kwa fimbo. Masikio yalikuwa yamemwishia zamani. La kushoto halikusikia kitu, na la kulia lilitaka usogee karibu kama unayemnong'oneza siri, ila kwa sauti ya kuita ng'ombe. Kilichobaki kutusumbua ni koo. Alikuwa akila anakohoa mpaka anaishiwa pumzi, na alikuwa ameshalazwa kwa homa ya mapafu. Wifi yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akimpikia, akaingiwa na hofu.

"Mimi siogopi kazi," aliniambia jioni ile, tukiteka maji. "Naogopa mama atanifia mkononi, halafu watu waseme ni mimi."

 Ningekuwa yeye, hata mimi ningeogopa. Basi kijiko kikahamia kwa baba.

Hiyo ilikuwa miaka ya miwa. Kila mtu alikuwa amepanda miwa, na matrekta yalipita barabarani mchana kutwa yakikokota matela, watoto wakikimbia nyuma kuchomoa miwa. Baba alikuwa kati ya watu wa kwanza kijijini kulitoa shamba lote kwa mkataba wa kiwanda cha sukari. Miwa ilianza barabarani ikaja mpaka ukutani mwa jiko. Ukifungua dirisha, majani yanaingia ndani kukusalimia. Pale mama alipokuwa akilima viazi vitamu na maharagwe, na mahali pa malenge yake, kote kulikuwa miwa. Sisi tuliona ni maendeleo, na kwa kweli yalikuwa. Nyumba ile ya mabati ilitoka humo.

Nilikuja kukaa siku chache, nikaishia kuhamisha cherehani nyumbani. Nitasema ukweli: huruma ilikuwepo, lakini kilichonishika zaidi ni kutaka kujua. Kulikuwa na jambo ambalo halikuniingia akilini. Tonge la obusuma, ugali wetu, likichovywa kwenye mboga ya mrenda iliyoteleza vizuri, mama alilimeza bila shida. Lakini funda moja la maji, kitu laini kuliko vyote duniani, lilimpalia mpaka macho yakageuka. Maji yanawezaje kumkaba mtu ambaye ugali umempita?

Nilianza kunywa maji nimeshika koo langu kwa vidole. Niliposikia kile kifundo kikiruka juu na kushuka, nikashtuka. Umri wangu wote nilikuwa nameza na sikuwahi kujua kwamba kuna kazi inafanyika pale. Nikamwomba wifi ameze nimshike. Akacheka hadi akapaliwa yeye.

"Utatupima shingo zote hapa kama za kushona kola," akasema.

Siku moja nikamwuliza mama mwenyewe. Nilipiga magoti mbele yake, uso kwa uso, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba akiona mdomo wangu anasikia nusu ya maneno kwa macho.

"Mama, maji yakikupalia, inakuwanga namna gani?"

Alifikiri sana. Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza. Sote tulikuwa tunamwambia tu, pole, pole.

"Ni kama mgeni," akasema, ulimi wake ungali mzito. "Mimi nimesimama mlango wa mbele nimngoje. Yeye ameshaingia kwa nyuma."

Kitendawili cha pili kilikuwa cha Jumapili. Siku za kazi, baba akimpa chai kwa kijiko, mama alikohoa kidogo. Jumapili alikohoa vibaya sana, na Jumatatu akaamka na joto mwilini. Nilifikiri ni maziwa, kwa kuwa siku hiyo chai ilikuwa nzito ya wageni. Nikapika chai hiyohiyo siku ya kawaida. Hakukohoa zaidi ya kawaida yake. Jumapili iliyofuata niliketi pembeni na nguo ya kushona magotini, nikamwangalia yeye tu. Akina mama wa kanisa walikuwa wamejaa sebuleni. Mmoja akaita, "Mama, umeamkaje?" Mama alikuwa na chai mdomoni. Akageuza kichwa upesi kuleta sikio la kulia, akafungua mdomo ajibu, na kikohozi kikaanza. Mwingine akamwonea huruma, akamsemesha amtulize. Akageuka tena. Nikaona wazi: masikio yake ndiyo yaliyokuwa yanaliponza koo. Kila salamu ya upendo ilimkuta na kitu mdomoni.

Nilimweleza baba jikoni. Aliacha kukoroga.

"Kumbe," akasema. "Mimi nilijua wakiwepo ni shida, lakini nilifikiri ni aibu anaona." Halafu akaniangalia kama aliyetaka kucheka. "Sasa tutawaambia nini watu wa Mungu? Wanyamaze?"

Tukampeleka hospitali ya misheni tukiwa na maswali yetu, baba akiwa mbele. Sista aliyetupokea alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono ya joto. Nalikumbuka hilo kwa sababu mama alisema. Alimsikiliza baba mpaka mwisho. Alimweka mama wima kwenye kiti, akaweka vidole kooni mwake na kumpa maji kijiko kimoja, kisha uji kijiko kimoja. Alifanya kilekile nilichokuwa nikimfanyia wifi, ila yeye alijua anachotafuta.

"Koo lina njia mbili," akatueleza. "Ya chakula na ya pumzi. Ukimeza, ya pumzi inafungwa. Ya mama siku hizi inachelewa kufungwa. Uji mzito unaenda polepole, unangoja. Maji hayangoji."

Nilihisi kama mtu aliyefunguliwa dirisha. Maji hayangoji! Nikamwuliza kwa nini basi akigeuza kichwa inazidi, kwa nini tonge linapita, kwa nini homa inakuja baadaye. Alijibu yote bila kuchoka. Akae wima, kidevu akiinamishe kidogo. Kijiko kidogo, na kingine kisije kabla cha kwanza hakijaisha. Asisemeshwe akiwa anameza. Mtu akitaka kuongea naye asubiri, kisha aje mbele yake. Vinywaji viwe vizito kama uji. Asilale mara baada ya kula. Mdomo usafishwe kila siku, maana uchafu wa mdomo ukiteremka mapafuni ndio unaoleta ile homa. Chakula kiwe laini: viazi vitamu, malenge, ndizi za kuponda, nduma.

Kisha akamgeukia baba. "Na wewe, mzee, nani anakulisha?"

Baba alicheka, akidhani ni utani. Sista hakucheka.

"Nauliza. Jana mchana ulikula nini?"

Baba akatazama kofia yake. Ndipo na mimi nikamtazama, na nikaona kitu ambacho fundi wa nguo alipaswa kukiona siku ya kwanza. Suruali ile niliishona mimi kwa kipimo chake. Sasa mkanda ulikuwa umeikunja kiunoni kama mdomo wa gunia. Alikuwa akimlisha mama kwa saa nzima, kisha anakula mabaki yaliyopoa, amesimama, au hali kabisa.

"Mkirudi mpangane," sista akaniambia mimi. "Huyu akianguka mtakuwa na wagonjwa wawili. Na mfunze mtu mwingine. Asifanye hii kazi peke yake."

 Tulipofika alipitiliza mpaka nyuma ya jiko akasimama mbele ya miwa. Viazi na malenge tungenunua sokoni, lakini soko letu nalo lilikuwa limemezwa na miwa. Vilivyofika vilitoka mbali, na si kila mara. Akaingia ghalani akatoka na jembe.

"Baba, hiyo haijakomaa," nikamwambia. "Na ina mkataba."

"Najua mkataba. Nilitia kidole gumba mimi mwenyewe."

Aling'oa mistari ile iliyokuwa karibu na ukuta. Mizizi ya miwa si mchezo. Mwisho kaka yangu alikuja akavua shati, akamsaidia bila kuuliza. Tukapanda marando ya viazi na mbegu za malenge, na chini kwenye unyevu tukaweka nduma. Majirani waliopita walisimama. Mmoja, rafiki wa baba wa tangu tohara, akasema kwa sauti, "Kwanza ameingia jikoni, sasa anapanda mboga. Tutamnunulia leso ajifunge kiunoni."

Baba akajiegemeza kwenye jembe. "Ninunulie," akasema. "Nitafungia suruali."

Habari zikafika kwa supavaiza wa miwa, kijana aliyekuja na pikipiki, buti safi. Aliukagua uwazi ule kwa mshangao wa kweli.

"Mzee, nani amekuruhusu?"

"Njoo," baba akamwambia.

Akampeleka hadi pale mama alipokuwa amekaa. Ilikuwa saa ya chakula. Kijana alifungua mdomo asalimie, baba akainua mkono kumnyamazisha. Akamsubirisha. Kijiko, kidevu chini, kumeza, kungoja. Kijana alisimama na helmeti yake mkononi mpaka bakuli likaisha. Hapo baba akamwashiria aende mbele ya mama, naye akamsalimia, mama akamjibu vizuri na kumwuliza ni wa ukoo gani. Aliondoka bila kutuambia ataandika nini. Sijui kama aliandika. Hakuna aliyekuja tena kuhusu mistari ile, na mpaka leo najiuliza.

Iliyobaki ilikuwa kazi ngumu kuliko kung'oa miwa: kumfanya baba amwachie mtu mwingine kijiko. Senge yetu, dada yake baba aliyekuwa mjane, ndiye aliyeimaliza. Alikuja na akina mama wa kanisa siku ya katikati ya wiki, akaketi akasema, "Kaka yangu, tumekuja shule. Tufundishe."

Nilidhani atakataa. Akaenda jikoni akaleta bakuli. Wanawake wale, waliolea watoto na wajukuu, waliketi wakimtazama mwanamume mzee akiwaonyesha namna ya kushika kijiko. Hakuna aliyecheka. Kila mmoja alijaribu, mmoja baada ya mwingine, wifi yangu wa mwisho. Alimpa mama kijiko cha malenge. Kikapita. Akampa kingine. Mama alipomaliza kumeza alituangalia sote tuliokodoa macho kwenye koo lake, akasema, "Hii ni sinema? Nyinyi hamnanga kazi kwenu?"

Vicheko vilitoka hadi barabarani. Wifi alicheka huku analia.

Tangu hapo senge alikuwa na siku yake, akina mama wa kanisa siku zao, na wifi akarudi jikoni kwa hiari. Jumapili walikuja wakasali kwanza, wakasalimiana naye, ndipo chai ikaletwa, ya mama ikiwa imefanywa nzito kama uji. Nayo ilinywewa kimyakimya kama meza ya Bwana. Baba akaanza kula akiwa ameketi. Nilimwambia sitaipunguza ile suruali, aijaze.

Nilirudi Khayega, na baada ya muda nikamwita aje kuona mafahali wakipigana. Ujanani alipenda hayo kuliko kitu chochote. Alikuja na koti lake la kanisani. Umati ulipiga mbio na filimbi, vumbi likapanda, na nilimwona akipiga kelele kama kijana. Lakini fahali wakitulia kidogo tu, alitazama jua. "Saa hii anakula," akasema. "Senge yako anaharakishanga kijiko."

Nilimrudisha mwenyewe. Mama alikuwa kwenye kiti chake, amekwisha kula, mdomo umepanguswa. Baba akamwuliza senge kabla hata ya kumsalimia, "Alikula? Alikohoa?"

Mama hakusikia swali, lakini aliuona uso wake. "Nimekula," akasema. "Fahali gani alishinda?"

Baba alianza kujibu kwa mdomo, akaacha. Akaenda mbele yake, akavua koti. Akaweka ngumi mbili kwenye paji la uso, vidole vimetoka kama pembe, akainama, akachimba ardhi kwa kiatu kizuri, akapumua kwa pua. Kisha akageuka upande wa pili awe fahali mwingine. Mama aliangalia pambano zima, mkono umeshika fimbo, akicheka kwa ule upande wa uso uliokuwa mzima, na yule fahali mwingine aliposhindwa na kukimbia hadi kwenye banda la kuku, alipiga makofi.

Mama aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Alikufa mchana mmoja wa mvua, moyo ukachoka, senge akiwa ameketi naye. Koo halikuhusika. Kwenye mazishi, rafiki wa baba, yule wa leso, alisubiri watu wapungue, akamvuta baba kando. Nilikuwa nakunja mahema karibu nao, nikamsikia akisema kwa sauti ya chini kwamba siku hizi mke wake naye anakohoa kwenye chai, kisha akiuliza uji huo mzito unapikwaje.

Baba alijipangusa uso kwa kofia. "Kesho uje asubuhi," akamwambia. "Uje naye."