Nyimbo za Baba Mkwe

Jina lake ni Ambilikile. Naanza na jina kwa makusudi, kwa sababu kwa miaka sita sikuruhusiwa kulitamka. Ni baba mzazi wa mume wangu, na kwa mila yetu Wanyakyusa mkamwana hamtaji baba mkwe jina, hakai naye chumba kimoja wala hamtazami usoni. Akimwona anakuja njiani, anaingia migombani mpaka apite. Siku hizi wengi wameiacha hiyo mila, au wanaifuata nusunusu. Wakikutana msibani wanageuza uso kidogo, maisha yanaendelea. Yeye hakupunguza hata chembe. Mengine yote ya babu zake ameyatupa, pombe ya ulezi, matambiko, wake wawili, maana ni mzee wa kanisa. Hili la mke wa mwanawe kujibanza migombani ndilo aliloona linafaa kuhifadhiwa.

Kwa hiyo mtu ninayemsimulia hapa nilimjua kwa masikio. Nyumba yake na yetu ziko kiwanja kimoja pale Kawetele, Tukuyu, na jiko letu limepakana na ukuta wa sebule yake. Nilikijua kikohozi chake, vikavu viwili halafu kimoja kirefu. Nilijua anavyoburuta kiatu cha kushoto. Na niliujua muziki wake kuliko ninavyojua nyimbo za kwaya yangu mwenyewe.

Alikuwa karani wa ghala kwenye kiwanda cha chai kwa miaka ishirini na minane, na ukarani haukumtoka. Alipostaafu alinunua kompyuta ya mtumba Mbeya. Nchi ilikuwa imeshafungua milango, na kila kilichowachosha wenzetu wa Ulaya huko kwao kilikuja kupumzikia kwetu. Hiyo kompyuta hakuandikia hata barua. Aliingizia santuri za CD, zake na za kuazima, moja baada ya nyingine, mpaka zikafika nyimbo mia saba na zaidi. Kisha akazipanga kama magunia ya ghalani. Folda ya kwanza aliiita Jumapili, ya pili Msiba, ya tatu Wageni Muhimu, ya nne Wageni wa Kawaida. Sitanii. Akija mchungaji au diwani, iliwekwa rumba ya Kongo iliyorekodiwa vizuri. Akija jirani kuazima jembe, aliwekewa kwaya moja ya zamani yenye mikwaruzo, mpaka aage mwenyewe. Mimi jikoni nilisikia wimbo wa kwanza tu nikajua nichinje kuku au nichemshe chai.

Mwaka 2009 akanunua mtambo. Hakutaka uitwe redio. Ulikuwa na spika nne, sabufa moja na tundu la kuchomekea flashi, na aliuweka sebuleni juu ya meza yenye kitambaa cha kufuma. Jumapili hiyo akawaalika wazee wenzake baada ya ibada. Akahamisha nyimbo zote kutoka kompyuta hadi kwenye flashi, akaichomeka, akasimama pembeni mikono nyuma. Mtambo ukaandika kwenye kioo chake kwamba hakuna wimbo. Akachomoa, akachomeka tena. Hakuna wimbo. Akalaumu flashi, akalaumu umeme wa Tukuyu, akalaumu Mhindi aliyemuuzia, mwisho akamlaumu mume wangu Anyitike, ambaye kosa lake lilikuwa kukaa karibu. Wazee wakamaliza chai wakaondoka mmoja mmoja. Nilisikia kikohozi, vikavu viwili, kile kirefu hakikuja.

Tatizo lilikuwa dogo sana. Kompyuta yake ilihifadhi nyimbo kwa mtindo wake yenyewe unaoitwa WMA, na mtambo ule ulijua kusoma MP3 peke yake. Ilibidi nyimbo zigeuzwe kutoka mtindo ule kwenda huu, kwa programu ambayo hata mtoto anaweza kuiendesha. Mimi nilijua kwa sababu hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu kila siku. Niliajiriwa dukani kwa Kasim, pale Ibighi, kuchapa barua, kutoa kopi, kupiga picha za pasipoti na kuwaingizia watu nyimbo kwenye flashi na kadi za simu. Niliipenda kazi ile. Ndani ya duka lile watu waliniita kwa jina langu, Lusungu, wakaniuliza kitu na kusubiri nijibu. Nyumbani nilikuwa mtu wa kupisha njia.

Na ndiyo kazi aliyotaka niiache. Wiki moja kabla ya aibu ya mtambo alimtuma mama mkwe, Esnath, aje kuniambia.

"Mama Atupele," alisema akiwa amesimama mlangoni, "baba yenu anasema mwisho wa mwezi ujao uache ile kazi. Anasema mke wa mtu kukaa kwenye kiti cha kuzunguka, wanaume wanamwinamia begani kuchagua picha, si heshima."

"Na wewe mama unasemaje?"

"Mimi nimetumwa."

Anyitike naye alisema ataongea na baba yake. Mume wangu amekuwa akienda kuongea na baba yake tangu tufunge ndoa. Siku akifika nitachinja ng'ombe.

Basi, siku mbili baada ya ile Jumapili, Anyitike akaja na flashi mkononi.

"Baba anatafuta fundi wa kumgeuzia nyimbo," akasema. "Nimemwambia namjua mmoja mjini. Ila asijue ni wewe."

"Kwa nini asijue?"

"Unamjua baba."

Nilikuwa namjua kikohozi. Nikaichukua flashi hata hivyo, na sababu naisema bila kujificha: nilitaka afurahi. Nilijidanganya kwamba akishafurahi, Anyitike atamwambia fundi ni nani, na lile neno la kuacha kazi litakufa lenyewe. Mjinga haoti mapembe.

Programu yenyewe hugeuza wimbo kwa nusu dakika. Lakini umeme ulikuwa wa mgao, wateja walikuwa foleni, na yeye alitaka kila wimbo ubaki na jina lake na folda yake, kwa hiyo ilinichukua karibu wiki tatu za kuibiaibia. Kila folda nilisikiliza kidogo nihakikishe. Ndivyo nilivyofika kwenye folda ya tano, ambayo sikuwahi kuisikia kupitia ukuta. Iliitwa Risiti za Mbolea.

Ndani yake kulikuwa na taarabu. Nyimbo sitini na moja, zote za mipasho, zile za wanawake kuambiana mume wako ananijua na wewe huna la kufanya. Huyu ndiye mtu aliyesimama kwenye jumuiya, nikamsikia kwa masikio yangu nikiwa nyuma ya nguzo, akisema taarabu ni muziki wa watu wasio na shamba. Nyani haoni kundule. Nilicheka mpaka Kasim akatoka stoo kuuliza kuna nini. Nikamwambia nimesoma kitu.

Folda ile sikuigusa. Risiti ni risiti, nikasema, mwenye risiti hakuagiza ziimbe. Nyingine zote nikazimaliza, nikaitia flashi kwenye bahasha ndogo ya kaki, nikaigonga muhuri wa duka kama tunavyomfanyia mteja yeyote. Anyitike akaipeleka.

Jumapili iliyofuata mtambo ukaimba. Nilikuwa jikoni namenya ndizi, na nakiri ulisikika vizuri, sabufa ikatikisa hadi masufuria yangu. Folda ilikuwa Wageni Muhimu. Halafu nikamsikia akiwaambia wazee wenzake, kwa sauti ya kunesanesa:

"Ndaga, asante, Mungu mkubwa. Huyu kijana ni fundi kweli. Kazi ya mwanaume ukiiona unaijua."

Kesho yake asubuhi mama mkwe akaja tena. Baba yenu anakumbusha, akasema, Ijumaa ndiyo mwisho wa mwezi. Nilikasirika mpaka kisu kikanitoka mkononi. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Anyitike, ambaye alikuwa ameketi sebuleni kwa baba yake muda wote wa zile sifa na hakufungua mdomo. Jioni nilimuuliza kwa nini. Akasema haukuwa wakati mzuri. Usiku ule nilianza kuandika barua ya kumuaga Kasim. Niliiandika kwa kalamu, mimi mchapaji, maana sikutaka kuiona kwenye kioo.

Alhamisi mchana barua ilikuwa kwenye mkoba wangu. Mlangoni pa duka akasimama mzee wa koti na kofia, ameshika bahasha ya kaki, anasoma muhuri wake kisha anasoma kibao chetu. Uso wake haukuniambia kitu. Kisha akakohoa, vikavu viwili na kimoja kirefu.

Kabla sijafikiri nilikuwa chini ya meza. Mwanamke mzima, mama wa mtoto, nimepiga magoti katikati ya nyaya na vumbi. Najidharau mpaka leo kwa wepesi ule.

"Shikamoo mzee," Kasim akasema.

"Marahaba. Nyimbo zangu ziligeuzwa hapa. Kazi nzuri. Ila kuna sehemu imebaki."

"Sehemu gani, mzee?"

Akashusha sauti. "Imeandikwa risiti."

"Risiti hazigeuzwi, mzee. Hizo si maandishi?"

"Zina vitu vya kusikiliza," akasema, na nikajua kwa nini hakumtuma mwanawe safari hii.

Kasim hakujua mzee huyu ni nani kwangu. Akasema kwa wema wake wote, "Basi aliyezifanya ni Lusungu. Huyu hapa chini ya meza, sijui ameangusha nini. Lusungu, mzee wako huyu."

Niliona kiatu cha kushoto kikirudi nyuma nusu hatua. Nilijua nikibaki pale chini ataondoka, na kesho nitaacha kazi, na hakuna atakayejua kwamba kitu chochote kilitokea. Magoti yaliniuma. Nikasimama.

Alikuwa mfupi. Hilo ndilo la kwanza nililoliona. Miaka sita nimeloa umande wa migomba kwa kumpisha mtu anayenifika begani. La pili, alikuwa na macho ya Anyitike, yale yale ya kutaka kusema samahani bila kujua pa kuanzia. Akayaondoa upesi, akageukia ukutani penye kalenda, akavua kofia na kuishika shavuni upande wangu. Nilidhani atatoka. Hakutoka. Alizitaka zile nyimbo.

"Mwambie huyo," akamwambia Kasim, akiitazama kalenda, "zitakuwa tayari lini?"

Kasim akanitazama, nikiwa hatua moja kutoka kwake. "Anauliza lini."

"Mwambie ziko sitini na moja," nikasema. "Mwambie mimi peke yangu ndiye ninayejua ni risiti za namna gani. Leo siziwezi, na kesho Ijumaa nimeambiwa niache kazi."

Kasim hakuwa na habari hiyo. Baba mkwe akaisogeza kofia karibu zaidi na shavu.

"Mwambie," akasema hatimaye, polepole, "hakuna haraka. Azifanye taratibu. Hata mwezi ujao."

"Anasema hata mwezi ujao," Kasim akasema.

"Nimesikia."

Akaiweka flashi mezani bila kugeuka, akatoka kinyumenyume hadi mlangoni. Nyimbo sitini na moja ningezimaliza kabla ya adhuhuri ya kesho yake. Niliichana barua, nikamgeuzia wimbo mmoja tu, nikaitia flashi kwenye bahasha na kugonga muhuri. Mwezi uliofuata nikamgeuzia mwingine.